Mhandisi Kageha na Shamba Lililojilima Lenyewe

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mhandisi Rodah Kageha anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Wengi wetu katika Kituo cha Nishati ya Shambani hapa Eldoret hatujawahi kufanya kazi bila yeye kuwa mahali fulani ndani ya jengo, sauti yake ikifika kabla ya viatu vyake. Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike ukurasa mmoja tu. Nimejaribu, lakini mtanisamehe. Huyu mama haenei kwenye ukurasa mmoja.

Alizaliwa Vihiga, akasomea uhandisi wa kilimo, kisha akaja kwetu Aprili 1994 kupima trekta. Kazi ilikuwa kujua trekta fulani inakunywa dizeli kiasi gani kulima ekari moja ya udongo wa Uasin Gishu, ukiwa mkavu na ukiwa umelowa. Siku hizo mwanamke ndani ya karakana alikuwa kitu cha kushangaza. Wageni waliingia, wakamwona na ovaroli lake, wakauliza mhandisi yuko wapi. Alikuwa na jibu moja kwa wote: "Yuko mbele yako. Nishikie hii spana." Wengi walishika.

Mimi niliajiriwa kama fundi wa injini miaka michache baadaye. Nilipofika nilikuta jina la utani tayari limeshamganda: Mama Lita. Lilitoka mtaa wa Pioneer, anakoishi na mumewe, Mwalimu Simeon. Kila akipanda boda boda alimwuliza kijana anayeendesha, "Lita moja inakufikisha wapi?" Baada ya muda vijana wa steji walianza kumpa ripoti bila kuulizwa. Nimesikia kwa masikio yangu mmoja akimwita mama kwa Sheng, akipiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "Mathee, hii engine imeanza kunywa vibaya! Niangalie nini?" Naye akasimama palepale, mfuko wa sukuma wiki mkononi, akampa somo zima la kabureta.

Basi nije kwenye jambo lililomfanya ajulikane mbali kuliko Pioneer.

Mwaka 2013 mahindi yalijaa maghalani na soko likawa baya. Akatokea mwekezaji kutoka Nairobi na wazo lililomsisimua kila mtu: tutengeneze spiriti ya magari kutokana na mahindi. Mkulima atapata soko, nchi itapata mafuta, kituo chetu kitapata jina. Mkurugenzi wetu wa wakati huo, Daktari Irungu, alimteua Kageha aongoze mradi. Sijawahi kumwona mtu akifurahia kazi namna ile. Alichora mtambo mwenyewe, akasimamia kila bomba likichomelewa. Siku tone la kwanza la spiriti lilipodondoka alicheza isukuti, ngoma ya kwao, katikati ya karakana, na sisi tusioijua tukacheza tulivyoweza.

Chama cha wakulima wa upande wa Moiben kilijiunga na mradi. Mwenyekiti wao, Mzee Kipchumba, ni mtu wa maneno machache na ushawishi mwingi. Aliwaambia wanachama waongeze ekari za mahindi, nao wakaongeza.

Hapo ndipo Mama Lita alipouliza swali lake la kila siku, safari hii akiuliza mtambo wake mwenyewe. Ili kupata spiriti hii, tumetumia nishati kiasi gani? Hakukusudia kuharibu chochote. Alitaka tu namba nzuri ya kuonyesha wageni siku ya uzinduzi. Akaanza kujumlisha: dizeli ya kulima, kupiga haro kuvunja madongoa na kupanda, mbolea, ambayo kiwandani hula gesi na makaa mengi kabla haijaingia kwenye gunia, lori la kubeba mahindi, mashine ya kuyakausha na ya kuyasaga. Halafu moto. Spiriti hutoka kwenye uji uliochacha ambao karibu wote ni maji, na kuitenganisha na maji hayo lazima uchemshe, na uchemshe tena. Tulikuwa tukichoma kuni za kununua kutoka upande wa Timboroa, lori baada ya lori.

Alirudia hesabu mara nyingi. Aliniomba nipime upya dizeli ya trekta, nikapima. Alimwomba Waithira, mkemia wetu kijana aliyekuwa ameajiriwa tu mwaka ule, apime upya nguvu ya spiriti, akapima. Jibu halikubadilika. Nishati tuliyoitia shambani na chini ya sufuria ilikaribia kulingana na ile tuliyopata kwenye spiriti. Tulikuwa tunachoma msitu na kumwaga dizeli ili tupate mafuta ya kiasi kilekile, na mahindi ya kula yamekwisha juu yake.

Alituambia baadaye kwamba siku hiyo alifika nyumbani, akaketi jikoni na koti lake bado mwilini. Mwalimu Simeon alikuwa akikata vitunguu.

"Mtambo umeharibika?" akamwuliza.

"Mtambo ni mzima kabisa. Ndiyo shida."

Akamweleza yote. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kisu chini.

"Wanajua wengine?"

"Bado. Uzinduzi ni wiki ijayo. Wakulima wamelima, Simeon. Wamelima kwa sababu yangu."

"Basi waambie wewe," Mwalimu akasema. "Wasije wakaambiwa na njaa."

Daktari Irungu hakufurahi, na simlaumu. Kadi za mwaliko zilikuwa zimetoka. Alimwomba aiache hesabu hiyo kwa ripoti ya baadaye. Kageha akamjibu kwamba ripoti itafika baada ya wakulima kupanda msimu mwingine. Wakaangaliana. Mwishowe mkurugenzi akasema, "Sawa. Lakini uwaonyeshe, usiwahubirie." Kwa hilo tu, Daktari Irungu anastahili shukrani zetu mpaka leo.

Ndivyo ilivyokuja ile siku ya mitungi. Wageni walikaa kwenye mahema, wakulima kwenye nyasi. Kageha alikuwa amepanga safu ndefu ya mitungi ya spiriti, mavuno ya ekari moja. Akasimama mbele yao na ovaroli lake.

"Hii yote imetoka kwa ekari moja ya Mzee Kipchumba," akasema, na watu wakapiga makofi. "Sasa tulipe madeni ya shamba. Trekta ilikula. Toa."

Mimi na wenzangu tukabeba mitungi ya trekta tukaiweka kando.

"Mbolea ilikula. Toa. Lori na mashine ya kukausha. Toa."

Makofi yakapungua. Safu ikawa fupi. Alipofika kwenye moto tulibeba, tukarudi, tukabeba tena, na wageni wakaanza kunong'ona. Mtu mmoja wa mwekezaji akasimama.

"Mama, hizo ni kuni tu. Kuni si petroli!"

"Moto ni moto," Kageha akamjibu. "Ule mti wa Timboroa nao ulikuwa na kazi yake."

Tulipomaliza ulibaki mtungi mmoja pekee kwenye nyasi.

Mzee Kipchumba aliinuka polepole. "Mama," akasema, "umetuua." Akavaa kofia yake akaondoka, na wakulima wake wakamfuata wote.

Mwekezaji alijiondoa kabla ya mwezi kuisha. Wenzetu wawili hawakuongezewa mkataba. Kageha alivuliwa uongozi wa miradi akarudishwa kupima trekta, kazi aliyoanza nayo akiwa msichana. Watu walimpita kwenye korido wakitazama simu zao. Nilimwona akiwa amesimama kando ya mtambo wake uliofunikwa turubai, mkono juu ya bomba, kama mtu anayemgusa ng'ombe mgonjwa. Alipogundua niko hapo alifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akasema, "Kituyi, leta chai. Tuna trekta tatu za kupima."

Wengine wangehesabu miaka ya kustaafu kuanzia siku hiyo. Yeye alikuwa ameingiwa na swali jipya, na swali likimwingia Mama Lita halimwachi alale. Iko mimea ambayo mbegu zake tayari zina mafuta. Alizeti haihitaji kuchachishwa wala kuchemshwa juu ya lori la kuni, ukiikamua yanatoka. Je, shamba la alizeti likilipa madeni yake yote, linabakiwa na kitu?

Kabla ya kuomba ruhusa ya mtu yeyote alipanda boda boda mpaka Moiben, kwa Mzee Kipchumba. Nilikwenda naye kwa sababu niliogopa aende peke yake. Mzee alituacha tuketi nje muda wa kutosha kutufahamisha kwamba hajasahau. Halafu chai ikaja, naye akafuata.

"Umeleta nini tena?"

"Swali, Mzee."

"Maswali sokoni hayanunuliwi."

"Najua. Nataka kuuliza kama shamba lako linaweza kujilima lenyewe."

Mzee akacheka kicheko cha dharau. Akamwangalia vizuri, akaona hachezi. "Shamba lijilime," akarudia. "Bila petrol station?"

"Bila. Na likishindwa, nitasimama tena mbele ya watu wako niseme limeshindwa. Unajua ninaweza."

Mzee Kipchumba akaweka kikombe chini. Nadhani ndipo alipoelewa alikuwa akizungumza na mtu wa aina gani. Alitupa ekari moja kando ya barabara, ile mbaya kuliko zote, yenye mawe na magugu.

Msimu wa kwanza ndege walikula karibu alizeti yote. Walikuja kama mawingu. Mzee alitupigia simu akicheka kwamba shamba limelisha ndege wa kaunti nzima. Kageha naye akacheka, kisha akapanda tena mapema zaidi, pamoja na majirani, ili ndege wasikute meza moja tu imeandaliwa. Msimu wa pili vichwa vya alizeti viliinama kwa uzito. Tukakamua. Waithira akayageuza mafuta yale kuwa dizeli ya mimea, akiwa na glavu na miwani na wimbo wa kanisa mdomoni. Tukapanga siku: Februari 2017, majira ambayo kila mkulima wa huku anatafuta trekta.

Walikuja wengi kuliko siku ya uzinduzi, na hakuna aliyetumiwa kadi. Wakulima, wanafunzi wa chuo kikuu kilichoko Chepkoilel, akina mama wa soko, hata vijana wa boda boda wa Pioneer waliofunga kazi kuja kumwona mathee wao. Mitungi minane ya dizeli ya alizeti, mavuno ya ile ekari moja, ilikuwa imesimama kwenye ukingo wa shamba.

"Tulipe madeni," Kageha akasema.

Mbolea, mitungi miwili. Nikabeba. Trekta ya kulima, kupiga haro na kuvuna, mtungi mmoja na nusu. Umeme wa kukamua, dawa za Waithira, usafiri. Watu walihesabu kwa sauti, wakikumbuka safu ya mwaka ule. Mzee Kipchumba alikuwa mbele kabisa, kofia mkononi. Mama mmoja alifunika macho.

Deni la mwisho likalipwa. Mitungi mitatu ilikuwa bado imesimama.

"Hiyo ni yetu?" Mzee akauliza.

"Hiyo ni ya shamba," Kageha akasema. "Na sijayahesabu mashudu yaliyobaki baada ya kukamua. Hayo wape ng'ombe."

Mitungi miwili tukaimimina kwenye tangi. Akapanda trekta mwenyewe, mwaka wake wa hamsini na mbili, akawasha. Moshi ulitoka mweupe kidogo, unanukia chapati, na umati ukaanza kupiga vigelegele. Jembe likaingia ardhini. Mtaro wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mawe yalilia chini ya jembe. Vijana walikimbia kando ya trekta kana kwamba ni mbio za mita elfu kumi na huyu ndiye wa kwetu.

Kisha injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikazimika.

Kageha hakushuka. Aliniita tu, "Kituyi!" nami nikakimbia na spana. Nikafungua filta. Ilikuwa nyeusi tititi, imejaa takataka kama lami. Nilimwangalia, naye akaangalia filta, na uso wake ukaanza kung'aa.

"Huo si uchafu wetu!" akapaza sauti ili wote wasikie. "Hii dizeli ya alizeti inasafisha. Imesugua tangi, imetoa uchafu wa dizeli ya miaka yote. Tunahitaji filta mpya tu!"

Kijana mmoja wa boda boda alikuwa ameshawasha pikipiki kabla hajamaliza kusema. Alikwenda mjini na kurudi kwa mwendo ambao sitauandika hapa kwa sababu polisi nao husoma. Alipofika, vumbi hadi kwenye kope, watu wakamshangilia, nami nikafunga filta. Tulikuwa tayari kuendelea. Lakini Kageha alikuwa amesimama kando ya mitungi na kikombe mkononi.

"Ngojeni. Kijana, umekunywa petroli kiasi gani?"

"Mathee, sasa hata hiyo?"

"Hata hiyo."

Kijana akamwambia. Naye, mbele ya macho yetu, akachota kiasi kilekile kutoka kwenye mtungi uliobaki, akakimimina kwenye upande wa madeni. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Kipchumba alicheka mpaka akaketi chini. Na hapo, nafikiri, ndipo kila mtu pale alipomwamini kabisa.

Trekta iliunguruma. Ilimaliza ile ekari ya mawe, ikavuka ukingo, ikaingia shamba la Mzee mwenyewe, halafu la jirani. Kufikia jua la jioni ilikuwa imelima zaidi ya ekari tano, na bado mafuta yalikuwepo ndani ya tangi. Mzee Kipchumba alitembea kando yake mtaro wa mwisho wote. Trekta iliposimama alimpa Kageha mkono amteremshe.

"Mama," akamwambia, "ile siku ya mahindi nilisema umetuua."

"Nakumbuka."

"Nilikuwa na hasira. Ulikuwa umetufungua macho, na macho yakifunguliwa ghafla yanauma."

Leo chama cha Moiben kina mashine yake ya kukamua na trekta zake zinajilisha zenyewe. Kageha amekataa katakata wapande alizeti shamba lote. Kila mkutano huwaambia watenge kona tu, wazungushe na mahindi, kwa sababu trekta iliyoshiba na watoto wenye njaa si maendeleo. Vyama vingine vimefuata, na wanafunzi wamepita mikononi mwake. Waithira, ambaye sasa ni daktari, ndiye atakayeongoza idara kuanzia Julai. Wenzetu wawili waliopoteza kazi walirudishwa mradi ulipokua. Kageha alilifanya hilo kuwa sharti lake la kwanza alipopewa tena uongozi.

Mtu angetarajia kwamba wiki zake za mwisho angezitumia kupanga sanduku. Juzi wakulima wa viazi kutoka Timboroa walifika bila miadi, wamejaa kwenye pikapu, wamevaa tai. Waliongozwa na mama mmoja mchangamfu aitwaye Kabura. Walikuwa wamesikia habari za Moiben, nao walitaka kugeuza viazi vyao kuwa spiriti. Walileta magunia mawili kama sampuli.

Kageha alifurahi kana kwamba ndiyo siku yake ya kwanza kazini. Aliwaketisha, akawauliza kuhusu mbolea, dawa ya ukungu, barabara, maji, moto. Alipima, akajumlisha, akawapeleka hatua kwa hatua mpaka wakawa wanamkamilishia hesabu wenyewe. Saa ya chakula ilipita. Mwishowe akaweka kalamu chini.

"Mama Kabura, nikupe jibu la ofisi au la kweli?"

"La kweli. Tumetoka mbali."

"Kuleni viazi."

Walitazamana. Kisha Mama Kabura akaangua kicheko, wenzake wakafuata, na kicheko hicho kilisikika mpaka langoni. Magunia mawili yaliishia jikoni kwetu; kituo kizima kilikula mukimo, viazi vya kupondwa, siku hiyo, na wageni pamoja nasi. Kabla hawajaondoka aliwaandikia namba ya Waithira, halafu chini yake akaandika yake mwenyewe, akawaambia wapige wakati wowote watakapokuwa na wazo jingine, zuri au baya.

Mhandisi Kageha, kwa niaba ya karakana, maabara, ofisi, jikoni na lango: asante. Asante kwa ukweli wako, hata siku ulipokugharimu, na kwa furaha yako, ambayo imetugharimu usingizi mara nyingi. Mwalimu Simeon, tunakurudishia mke wako akiwa mzima na mwenye maswali mengi. Mungu awape afya, wageni wa kuchekesha na miaka mingi pamoja. Ukituona kimya sana, Mama, njoo utuulize tunafanya nini. Mlango uko wazi na chai iko motoni.

Johnstone Kituyi, Fundi Mkuu, Karakana